Stima ya pamoja, dipoziti, na nyumba bila ardhi

Tuko vyumba sita na mita moja ya tokeni. Tokeni za 200 zatuishia upesi, na hata uniti tunazopewa ni chache kuliko anazopata rafiki yangu mwenye mita yake. Kwa nini? (Mpangaji, Mshomoroni)

Kwa sababu mita haijui kwamba mko familia sita. Kenya Power huangalia wastani wa matumizi ya mita kwa miezi mitatu iliyopita. Zisizozidi uniti 30 kwa mwezi, bei ya chini kabisa. 31 hadi 100, ya kati. Kupita 100, ya juu. Kila chumba kikitumia uniti 20, mita yasoma 120 na nyote mwalipa bei ya juu, ilhali kila mmoja kwa mita yake angelipa ile ya chini. Huu ni uonevu kwa wenye kipato kidogo, na nyumba za Kiswahili za vyumba sita ndizo zinazoumia zaidi.

Mita ndogo anazofunga mwenye nyumba ukutani hugawa hesabu tu, haziteremshi bei. Dawa ni mita za Kenya Power kwa kila chumba. Ombi hupelekwa na mwenye nyumba, pamoja na cheti cha fundi wa stima mwenye leseni kwamba nyaya za kila chumba zimetenganishwa. Mkikaa naye, mwonyesheni hesabu hiyo ya 20 mara sita.

Kwa sasa, baneni koili na pasi. Koili ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekula uniti nzima. Taa ya LED ya wati 7 kwa uniti hiyo huwaka zaidi ya saa 140. Na someni ujumbe wa tokeni mpaka mwisho: pesa ikikatwa kwa deni, huenda ni la aliyekaa kabla yenu, na hilo ni la kumuuliza mwenye nyumba.

Nimehama, nimenyimwa dipoziti ya 4,500. Niende kwa chifu? (Likoni)

Chifu ni wa kupatanisha, dada. Hawezi kumlazimisha mtu alipe. Mjaribu kwanza, kwa kuwa ni bure. Akishindwa, kesi ya nyumba ya kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi hupelekwa Baraza la Kudhibiti Kodi za Nyumba. Kodi ikiwa juu ya hapo, fungua madai Mahakama ya Madai Madogo: hupokea hadi shilingi milioni 1, na si lazima wakili. Beba ujumbe wa M-Pesa au risiti, nakala ya notisi uliyotoa, na picha za chumba siku ya kuhama. Aliyelipa taslimu bila risiti ndiye huanguka.

Nyumba ni yetu, ardhi si yetu. Mwenye ardhi amekataa kodi ya kiwanja, sasa atupa wiki mbili tuondoke. (Majengo)

Wiki mbili hazitoshi. Sheria ya Ardhi, tangu marekebisho ya 2016, yataka notisi ya maandishi ya miezi mitatu au zaidi, hata kwa anayedaiwa kukaa bila haki. Kabla haijaisha, mwaweza kuomba nafuu Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Msingoje tingatinga, nyumba ikishavunjwa, kuidai ni kazi nyingine kabisa.

Kukataliwa kodi kusiwape raha. Kesho itaitwa malimbikizo. Itumeni kila mwezi kwa njia inayoacha alama, na akiirudisha, hifadhini ujumbe wa kurudishwa. Kusanyeni risiti zote za zamani, hata zenye jina la marehemu babu, na msitie saini karatasi yoyote kabla wakili hajaisoma. Kituo cha Sheria kina tawi Mombasa na husaidia wasioweza kulipa wakili.

Mama ana miaka 72, hapati pesa za serikali za Inua Jamii. (Changamwe)

Angalia mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho chake. Malipo ya wazee, 2,000 kwa mwezi, huanzia miaka 70, na inayohesabiwa ni ile iliyoandikwa. Ikiwa imekosewa, rekebisha kwanza kwa ofisi ya usajili wa watu, kisha muone afisa wa ustawi wa jamii au chifu mjue lini uandikishaji utafunguliwa. Ikiwa hawezi kutembea, ulizia pia namna ya kuandikisha mlezi wa kumpokelea.