Bloku ya maji kwenye kadi ya grafiksi, soma kabla hujafungua

Sheikh wangu nimekufahamu, umesema kadi inafika digrii 85 na joto letu hili la Unguja, na bloku (kile kifaa cha kupitisha maji juu ya chipu ili ipoe) ushanunua. Kwanza hakikisha imetengenezwa kwa bodi ya kadi yako khasa, chipu moja huja na bodi tafauti na matundu ya skrubu hayalingani. Pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyo juu ya chipu futa kwa spiriti, padi za memori (vile vipande laini vya kupitisha joto) fata unene ulioandikwa kwenye karatasi ya bloku maana ikizidi tu bloku haiigusi chipu vizuri na joto litapanda zaidi ya mwanzo. Skrubu kaza kwa msalaba, yaani moja kisha ya mkabala wake, kidogo kidogo. Maji ya bomba usitie kabisa, yetu yana chokaa, tia ya distildi. Halafu washa pampu peke yake, kompyuta imezimwa, weka tishu kwenye maungio uache siku nzima uone kama panavuja. Kama garanti bado ipo uliza kwanza ulikonunua.