Kivuli cha baraza bila kutoboa ukuta

Kama mwenye nyumba hataki utoboe ukuta, funga neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, sio turubai. Neti inapitisha upepo. Turubai linavimba mpaka kamba zinakatika, na chini yake joto linajikusanya. Kama baraza yako inatazama magharibi, usiitandaze neti juu: jua la saa kumi linaingia kwa ubavu. Iteremshe wima, nje ya dirisha, maana jua likishapita kioo joto limeshaingia ndani. Kamba zipitishe kwenye nondo za dirisha, chini funga ndoo zenye mchanga. Nazifunga hizi Dar, kazi yangu. Ila neti haizuii mvua. Masika utahitaji turubai, na ulishushe upepo ukianza.