Mashine mpya ya kusoma umeme wa moyo: mama asaini?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Ngamiani, Tanga. Mama moyo humwenda mbio ghafla, hata akiwa amekaa tu kwenye mbuzi anakuna nazi. Anakotibiwa watampitishia nyaya hadi moyoni, na wanamtaka asaini ijaribiwe mashine mpya ya kurekodi. Mjomba kagoma, eti dada yake si panya. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Mjomba ana haki ya kuuliza, ila panya simwoni hapa. Nyaya zinapita kwenye mshipa wa kinena. Mashine yenyewe hukaa nje, kando ya kitanda. Umeme unaosomwa moyoni ni milivolti chache, pengine hata moja haifiki, na umeme wa ukutani, wa hezi 50, huufunika. Ni kumsikiliza mtu anayenong'ona mlangoni mwa mashine ya kusaga! Mashine mpya inapimwa kama itachuja kelele hiyo bila kufuta kialama anachokitafuta daktari.

Ulizeni: ya zamani itabaki imewashwa? Ikibaki, daktari atalinganisha michoro miwili ya pigo lilelile. Kama ni utafiti, ombeni kuona kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mama akikataa, matibabu yake yasiguswe. Na anayesaini ni yeye, si mjomba.