Re: Nina cheti cha BRELA, nikiingiza sabuni zangu Zanzibar ninalindwa?

Dada, umeuliza kama cheti ulichopata BRELA, wale wasajili wa biashara wa bara, cha jina la sabuni zako za mwani kitakulinda ukianza kuuza Unguja na Pemba, naona wachangiaji wa juu wanakwambia nchi ni moja usihangaike. Hapana dada, hakikulindi. Mi nauza viungo hapa Unguja na hili jambo limenila hela nyingi, kwaio nisikilize vizuri.

Ukifungua Katiba ya 1977 ile nyongeza ya kwanza utakuta mambo 22 ya Muungano, humo kuna polisi, kuna ulinzi, kuna sarafu, lakini alama za biashara (majina na nembo za bidhaa) na hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) hazimo. Basi kila upande una sheria yake na daftari lake. Bara wana sheria ya alama za biashara na huduma ya 1986 na msajili ni BRELA, sisi tuna Sheria ya Mali za Viwanda namba 4 ya 2008 na msajili ni BPRA, wakala wetu wa usajili wa biashara na mali. Cheti cha huko hakivuki maji na cha huku hakivuki. Hata wasanii ni hivyo hivyo, haki za kazi zao bara zinasimamiwa na COSOTA, huku COSOZA. Na muda pia tofauti, bara unapewa miaka 7 ya mwanzo ndo unahuisha kwa 10, huku ni 10 toka mwanzo.

Sasa mi alama yangu nilisajili huku miaka mingi nyuma, nauza kwa watalii na mahoteli, hakuna tabu. Baadae wateja wa Kariakoo wakaanza kuulizia, nikawa napeleka mzigo kwa jamaa mmoja wa jumla, tumekula pamoja, tumezikana. Yule bwana akaenda akasajili bara jina lile lile na michoro ile ile ya paketi, halafu nikaletewa barua ya wakili eti niache kutumia alama YAKE. Jina lenyewe ni la bibi yangu mzaa mama! Bara ombi likishatangazwa watu wana siku 60 za kupinga, na mtu wa Unguja nani atamwambia kuna tangazo lake huko, siku zikapita, ilobaki ni kwenda kuomba lifutwe na hapo unalipa wakili, unatafuta risiti za zamani, unasafiri. Mpaka leo bara nauza kwa jina jengine na kila nikiliona lile rafu la duka naumia.

Ila nisiidhulumu sheria yetu, ile ya 2008 ilikuwa hatua kubwa sana. Kabla yake tulikuwa na dikrii, yaani sheria za zamani za mkoloni. Alama ilisajiliwa kwa bidhaa tu, huduma hapana, fikiria kisiwa kinachoishi kwa utalii halafu hoteli au kampuni ya kutembeza wageni haiwezi kusajili jina la huduma yake. Hataza ndo kabisa, ilibidi uipate kwanza Uingereza ndo uje kuiandikisha huku. Sheria mpya ikafungua huduma, ikaleta alama za pamoja za vikundi, ikaleta na viashiria vya kijiografia, yaani kulinda jina la mahali bidhaa inapotoka, kitu ambacho wakati ule bara hawakuwa na sheria yake.

Na hapo kwenye viashiria ndo roho yangu ilipo. Karafuu ya Pemba inajulikana dunia nzima, wakulima kwa sheria wanaiuzia ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, Indonesia wanavuna nyingi mara nyingi kuliko sisi, kilichobaki mkononi mwetu ni jina. Kama jina hatulilindi mpaka kwenye masoko wanakonunua wageni, mtu yoyote atajaza karafuu za kwengine kwenye paketi aandike Zanzibar. Sheria ipo tokea 2008, kinachotakiwa ni watu kuitumia, na serikali mbili zikae zitambuane madaftari, hata kwa kutangaziana tu maombi ya kila upande mimi ningeridhika.

Kwa upande wako dada, kabla hujachapa lebo hata moja nenda BPRA wakutafutie kama jina lipo, af omba klasi (kundi la bidhaa) ya 3 ndo ya sabuni, na kama utauza na unga wa mwani wa kula hio ni klasi nyengine, 29, unalipia mbali. Cheti cha BRELA usikiache, endelea kukihuisha. Na wale akina mama wa Paje na Jambiani unaonunua mwani kwao, ukikaa nao waambie habari ya alama ya pamoja, kikundi kinasajili mara moja na kila mwanachama anaitumia, wengi hawajui kama inawezekana. Fomu ukikwama niandikie PM nikuelekeze.