Kupiga kambi Serengeti mwaka mzima: inawezekana, ila anzia jikoni

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili: kama familia yenye watoto wawili inaweza kulala kwenye mahema Serengeti mwezi wowote badala ya kusubiri Juni hadi Oktoba, na kama ni kweli kambi za Seronera hazina uzio. Waliotangulia kukujibu wamekutisha na simba. Mimi ni mpishi wa safari za kambi, natokea Arusha, na kazi yangu ni kulala humo kiangazi na masika, kwa hiyo vumilia urefu wa jibu.

Nianze na la pili. Ndiyo, hakuna uzio. Pimbi, Tumbili, Nyani, Dik Dik, Ngiri, kambi za jumla za pale Seronera zimekaa karibu karibu katikati ya hifadhi, na majina yake yanakutajia majirani. Utakuta uwanja wa nyasi na migunga, vyoo na bafu, banda la kulia, na jiko lililozungushiwa wavu wa chuma. Liangalie vizuri hilo jiko ukifika. Watu wanalala nje kwenye kitambaa, chakula ndicho kimefungiwa ndani ya chuma. Waliojenga walijua mnyama akija kambini anafuata nini.

Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona mnyama aliyeingia kambini kumtafuta mtu. Nimeona wanaopita njia zao, na nimeona wanaofuata harufu. Wanaopita unawapisha. Wanaofuata harufu unawaita wewe mwenyewe, na unaweza usiwaite, iwe Februari au Agosti. Wengi humu wanabishana kuhusu mwezi gani ni salama, wakati usalama wa usiku wako unategemea zaidi ulivyofunga jiko.

Mchukue fisi, maana ndiye mgeni wa kila usiku, msimu wowote. Nyumbu wakiwa mbali, fisi wa Serengeti huwaacha watoto shimoni na kutembea hata kilomita 40 kufuata makundi, wale, kisha warudi kunyonyesha. Mnyama anayesafiri hivyo kwa ajili ya mlo hawezi kuipita sufuria ya mchuzi iliyoachwa hatua chache kutoka kwenye hema. Kuna usiku tulilala jirani na watu waliokuja na gari lao. Walichoma kuku mbele ya mahema, mifupa wakatupa nyuma ya mti, mabaki wakaweka kwenye ndoo pale kibarazani pa hema. Ilipofika kama saa 5 usiku fisi walikuwa wanaigombania ile ndoo kwa zile sauti zao za kucheka. Wakaondoka nayo, na kiatu cha ngozi cha mmoja wao wakaondoka nacho, kwa sababu ngozi kwa fisi ni chakula. Hakuna aliyeumia. Asubuhi wale jamaa wakafungasha wakaenda zao. Usiku uliofuata fisi wakarudi palepale, wakawazungukia watu wengine kabisa, wenye watoto, ambao chakula chao chote kilikuwa kimefungwa vizuri.

Hilo ndilo linaloniuma. Anayekula ovyo leo anamwachia hatari anayelala hapo kesho, na mnyama mwenyewe ndiye anayeumia zaidi. Nyani au fisi akishazoea kwamba hema maana yake ni chakula, woga unamtoka, anaanza kunyang'anya, na mwisho wake anaweza kuishia kwenye bunduki ya askari wa hifadhi. Kulisha wanyama ni marufuku kisheria, na kuacha mabaki nje ni kuwalisha.

Sasa utaratibu wenyewe. Pika ndani ya jiko la wavu na mlango ufungwe hata ukitoka dakika mbili kuchota maji, kwa sababu tumbili wanakaa juu ya paa wakizisubiri hizo dakika mbili. Mkate, ndizi, mayai na unga viwe kwenye masanduku ya bati yenye kufuli, na usiku masanduku yaingie kwenye gari, vioo vipandishwe. Nyama ipangie siku ya kwanza na ya pili, baada ya hapo ni maharage, dengu, mayai na dagaa waliofungwa vizuri sana. Maji ya kuoshea vyombo yamwagwe kwenye karo la jiko, kamwe si nyuma ya mahema. Mafuta ya kukaangia yaliyobaki yarudi kwenye chupa. Takataka beba kwenye gunia, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na getini wanaangalia.

Kisha watoto. Kabla ya kulala kagua mifuko yao yote: biskuti, pipi, juisi, hata dawa ya meno yenye harufu ya matunda. Machungwa na maembe yasilale hemani kabisa. Tembo hunusa tunda kutoka mbali, na akilitaka, turubai halimzuii.

Kuhusu simba: watapita, na utawasikia. Mngurumo wa simba husikika hata kilomita 8, kwa hiyo sauti inayokutetemesha kifua inaweza kuwa inatoka mbali sana, waambie watoto hivyo mapema. Ndani ya hema lililofungwa zipu hadi chini, kaa kimya, usimulike, usichungulie upige picha. Ninayemhofia mimi ni dume mzee wa nyati. Hutembea peke yake au na wenzake wachache, anakula nyasi katikati ya mahema bila kelele, na ukimshtua kwa karibu hakimbii upande mwingine. Ndiyo maana familia yenye watoto inahitaji ndoo yenye mfuniko ndani ya hema kwa haja za usiku. Mtu mzima akilazimika kutoka, afungue zipu kidogo, azungushe tochi polepole pande zote, akitafuta macho yanayong'aa. Akiyaona, anarudi ndani na kusubiri. Hata kama macho ni ya swala, anasubiri.

Mahali pa kusimika hema napo pana maana. Epuka vijia vilivyokanyagwa na wanyama, utavitambua kwa nyasi zilizolala na kinyesi. Epuka pia kivuli cha mvungunya, maana tunda lake linafika kilo 5 na zaidi na huanguka bila taarifa. Mahema ya familia moja yakaribiane, milango itazamane, gari liwe upande mmoja.

Tukija kwenye miezi. Januari hadi Machi nyumbu wako kwenye nyanda za kusini, na wengi huzaa ndani ya wiki chache tu, hasa Februari. Nyasi fupi za kule zimeota juu ya majivu ya volkano, zina madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Watu wengi wanataka kulala Ndutu, lakini kambi za kule ni kambi maalumu, huna choo wala bomba, unabeba kila kitu. Na watoto, lala Seronera, uende mchana kwenye nyanda za kuelekea Naabi, geti la upande wa Ngorongoro.

Masika, yaani mwishoni mwa Machi hadi Mei, ndiyo miezi ambayo kila mtu atakukataza, na ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Kambi inakuwa na hema mbili tatu. Nyasi zimefika kiunoni, anga limeoshwa, ndege wameshonea viota kila mgunga. Unaweza kumaliza asubuhi nzima na duma mbele yako bila gari lingine hata moja. Ila masika yana masharti. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunata kwenye matairi kiasi kwamba Land Cruiser inageuka sabuni. Njia ya magharibi kutoka Ndabaka, geti la upande wa Mwanza, ndiyo mbaya zaidi kipindi hicho. Uwe na koleo, kamba ya kuvutia, jeki ndefu, na usitoke peke yako kwenye vijia vya pembeni baada ya mvua ya jioni. Turubai la chini ya hema lisitokeze nje hata kidogo, likitokeza linakinga mvua na kuileta chini ya godoro, na hapo usiku umeisha. Tegemea mtungi wa gesi. Kuokota kuni hifadhini hairuhusiwi, na hata ulizonunua nje zitalowa.

Na kuna siafu. Baada ya mvua kubwa huhama kwa misafara, na msafara ukipita hemani unatoka, hakuna mjadala. Majivu ya jikoni yanyunyiziwe kuzunguka hema, yanasaidia sana. Viatu vilale ndani na vikung'utwe asubuhi kwa ajili ya nge. Malaria ipo, kwa hiyo zungumza na daktari kuhusu dawa za watoto kabla ya safari, na wavu wa hema usiachwe wazi jioni hata dakika moja.

Juni hadi Agosti ni kavu, barabara nzuri, na ndiyo kambi zinajaa kupita kiasi. Watu hawaelewi hili: huo ndio msimu ninaoona fisi na nyani wengi zaidi kambini, kwa sababu majiko ni mengi na si wote wanaofunga mlango. Fika mapema upate sehemu nzuri. Usiku kuna baridi ya kweli, na kama safari yako inapitia Ngorongoro ukalala kambi ya Simba A, hapo uko juu ya ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,300. Blanketi moja moja halitoshi kule hata Januari. Tembo huja kambini pale kunywa maji kwenye tangi, wakati mwingine mchana kweupe huku watu wanakunywa chai. Acheni chai, sogeeni nyuma ya magari, mpeni nafasi amalize.

Septemba na Oktoba shida ni maji. Mabomba ya kambini yanaweza kukauka, kwa hiyo beba madumu yako, na hesabu ya kupikia na kunywa itangulie ya kuoga. Faida yake ni kwamba wanyama wamebanana kwenye mito na mabwawa, huhitaji kuzunguka sana kuwaona. Vuli ya Novemba na Desemba hunyesha mchana kisha huacha, haina tabu ya masika.

Kitu kimoja cha mwaka mzima ni mbung'o, hasa ukielekea Lobo, kaskazini mwa hifadhi, au ukanda wa magharibi kwenye miti mingi. Huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Utaona vitambaa vya rangi hizo vimetundikwa porini, hiyo ni mitego yao. Vaeni kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu. Kuumwa kwao kunauma kupita nguo nyepesi, na wao ndio wanaobeba malale.

Ungekuwa ndugu yangu ningekuambia nenda wiki mbili za mwanzo za Desemba. Shule zinaanza kufungwa, wageni wa Krismasi hawajamiminika, nyumbu wameanza kushuka kusini kufuata majani mapya. Watoto wakishazoea, mara nyingine waleteni masika.

Ukitokea Mwanza, ingia Ndabaka, hupiti Ngorongoro na hulipi kule. Ukitokea Arusha utalipa sehemu zote mbili, maana barabara inakatiza eneo la Ngorongoro kabla ya geti la Naabi. Malipo yote ni kwa namba ya malipo, si fedha taslimu, na kibali cha kuingia kinahesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo saa unayoingia ndiyo itakayokutoa. Mageti hufungwa saa 12 jioni. Pangeni mfike kambini si zaidi ya saa 10, msimike mahema mkiona, chakula kiive na vyombo vioshwe kabla giza halijaingia.

Ukishaamua mwezi na njia, andika hapahapa. Nitakupangia vyakula vya siku tatu visivyohitaji barafu, na namna ya kuvifunga sanduku kwa sanduku.