Swift Sport ya turbo, gia za mkono: kagua haya kabla ya kulipa

Ndugu, umeuliza kama uichukue hiyo Suzuki Swift Sport ya cc 1400 uliyoiona hapo Malindi. Gari ni zuri, ila usilipe kabla hujaliona likiwashwa likiwa baridi. Fika asubuhi, gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine.

Liwashe, liache lingurume bila kukanyaga mafuta dakika tano, kisha kanyaga mafuta ghafla. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na mara nyingi sili (vizuia oili) za turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ndizo zimechoka. Zima, fundi afungue bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, aishike shafti, yaani mhimili unaobeba mapanga ya turbo, kwa vidole. Kucheza kidogo kwa pembeni si neno. Ikivutika mbele na nyuma, au mapanga yamekwaruza nyumba yake, turbo imekwisha.

Klachi ipime barabara ya Mambrui: gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta mpaka chini. Injini ikipiga kelele na mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Gia ya pili ikikwaruza, punguza bei sana au achana nalo.

Lala chini pia, uchungulie uvungu wa gari, tafadhali. Chumvi ya bahari hula mabomba ya breki kimyakimya.