Meli ikimwaga mafuta, mvuvi anamdai nani?

SWALI: Mwanasheria, habari za kazi. Mimi mvuvi wa huku Likoni, juzi bandani tulibishana sana kuhusu ile meli iliyomwaga mafuta Mauritius mwaka 2020. Mmoja anasema eti kuna mfuko mkubwa Ulaya unalipa kila mtu mafuta yakimwagika, mwingine anasema bahari ikishachafuliwa ndo basi, mwenye meli utampatia wapi? Nani yuko sawa?
Mzee wa Madema, Mombasa

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kila mmoja ana kipande, ila hamkuulizana kwanza: hayo mafuta yalikuwa mzigo au yalikuwa ya kuendeshea injini? Hapo ndo kesi nzima inapogawanyika.

Kama ni tenka, yaani mafuta ndo mzigo wenyewe, kuna mikataba miwili ya 1992 na Kenya imo, Tanzania pia imo. Mwenye meli analipa hata kama hakuna aliyethibitisha uzembe wake, labda iwe vita au sababu nyingine chache sana, na tenka iliyobeba zaidi ya tani 2,000 lazima iwe na bima ambayo unaidai moja kwa moja, kwa hiyo mwenye meli akijificha Panama au wapi sijui haikuzuii. Kikomo cha malipo yake kinafuata ukubwa wa meli, hasara ikizidi hapo ndo unaingia ule mfuko, upo London, na pesa zake zinachangwa na makampuni yanayopokea mafuta yanayosafirishwa kwa bahari, sio sadaka.

Sasa Wakashio, ndo hiyo meli ya Mauritius, haikuwa tenka. Ni meli ya shehena kichele, yaani mzigo unaomwagwa tu ndani bila kufungashwa, ilikuwa tupu inaelekea Brazil, ikapanda mwamba tarehe 25 Julai, na mwezi wa nane karibu tani 1,000 za mafuta ya injini zikavuja, watu wakawa wanashona maboya ya majani ya miwa kuyazuia yasifike ufukweni. Ilikuja kuelezwa kwamba meli ilisogezwa karibu na nchi kavu kutafuta netiweki ya simu (netiweki, jamani!) na nahodha akahukumiwa miezi 20. Mfuko wa London haukuhusika hata kidogo. Hapo unashika mkataba wa 2001 wa mafuta ya injini: bima ipo na ni lazima kwa meli kubwa, lakini nyuma yake hakuna mfuko wa pili, kikomo kikiisha kimeisha. Tena kikomo kinategemea nchi imesaini nini, na Mauritius ilikuwa imebaki na viwango vya 1976 wakati wengine walishahamia vya 1996 ambavyo viko juu zaidi.

Ninachoogopa kwenu ni ushahidi. Kilo mnazopima BMU (kile kikundi cha kusimamia ufuo) leo ndo zitaonyesha mlikuwa mnapata nini kabla ya mafuta, kwa hiyo jina liingie daftarini kila unaposhusha, hata siku ya pweza watatu. Dema, yaani mtego wako wa samaki, likipakwa mafuta lipige picha pale pale lilipo, usilichome, tunza risiti za nyavu na meseji za M-Pesa za tajiri anayekununulia samaki. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu hasara, na ikipita 6 tangu ajali hakuna tena, na kuzungumza na wakala wa bima hakusimamishi muda. Akija mtu wiki ya kwanza na karatasi ya "malipo kamili na ya mwisho", mwambie aiache bandani, mtaisaini mkishaonyesha wakili.